Mama Aliyeshuka kwenye Treni

Watafsiri wa muvi wa vibandani wangepewa Injili, Yesu angeingia Yerusalemu kwa bodaboda. Nasema hivyo kwa sababu ya Jumapili moja hapa Iringa, tulipochomeka flashi yenye muvi ya vita. Watoto wa mjini wanakimbia mabomu, wanapelekwa shamba kwa bibi mmoja mkali mwenye nguruwe. Vichekesho vitupu: nguruwe kitandani, watoto bandani. Na juu ya sauti za wote, mtafsiri wetu mpendwa anaropoka. Bibi kamfanya Mbena kwa lafudhi, na vichekesho vyake anavicheka mwenyewe kabla hajavimaliza. Kipaji hicho.

Mtoto wa mdogo wangu ndiye pekee ambaye hakucheka. Niliachiwa akiwa bado anabebwa mgongoni. "Dada, nishikie mwezi mmoja tu, nikatafute maisha Chunya." Miezi ya Chunya nayo mirefu, jamani! Mtoto yuko darasa la kwanza, mama yake bado anawapikia wachimba dhahabu, na kila Krismasi anakuja kesho.

Mtoto alitaka kujua jambo moja tu: mama wa wale watoto wa kwenye muvi atakuja kuwachukua?

"Tulia, mwanangu, tuone."

Vita ikaisha, treni ikaingia stesheni. Hapo hapo bingwa wetu wa kutafsiri akapandisha muziki, akaanza kusalimia washkaji zake mtaa kwa mtaa. Alipozinduka, akatangaza kwamba mama yao alishakufa kwa bomu, huyu anayeshuka ni shangazi.

"Mwongo huyo!" mtoto akapiga kelele. "Mama mkubwa, zima sauti!"

Nikazima, tukarudisha nyuma, tukaangalia kimya kimya. Mwanamke akashuka, akaangusha begi, akapanua mikono huku analia. Wakubwa wakamkimbilia. Mdogo wao akajificha nyuma ya sketi ya yule bibi wa nguruwe. Basi, ikaisha.

"Ni mama yake," mtoto akasema. "Ila kamsahau."

"Atamzoea."

Akanigeukia. "Mama mkubwa, mama akija, utanionyesha ni yupi?"

Nikamwambia ndiyo. Iliniuma, sitadanganya. Nikatoka uani, nikampigia mdogo wangu, nikamporomoshea Kihehe chote nilichonyonya kwa mama yetu, hata salamu hakuna. Naye akaanza na zake: kesho, kesho kutwa, nivumilie dada.

"Haya, njoo," nikamwambia. "Ila ukifika piga hodi kama mgeni, halafu umweleze mwanao wewe ni nani."

Akaanza kulia. Nikakata simu.