Waya Mmoja Nyuma ya Dashibodi

Mtu akikuibia ng'ombe, unafuata kwato. Aliyeniuzia pikapu yangu ya kwanza aliniibia kwa waya wa urefu wa kidole, na mpaka leo nikikumbuka, damu inapanda.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati pikapu za dizeli zenye taa nyingi za kuonya zilipoanza kuonekana kwetu. Zamani dereva alisikiliza sauti na kuangalia moshi, basi. Hizi zilikuwa na sensa, kijidude kama nati kilichofungwa kwenye injini, kinachoonja presha ya oili. Presha ikishuka, taa nyekundu inawaka mbele ya dereva, naye anazima gari kabla halijafa. Mimi darasa la tano sikulifikia, lakini mambo hayo niliyajua kuliko wenye vyeti. Nilikuwa nimeendesha malori ya watu miaka tisa, nikibeba majani chai mpaka kiwandani, na hakuna aliyenifundisha. Nilitumia macho.

Mwenye pikapu alikuwa mzee wa kanisa letu, tajiri wa chai na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, upande wa Kapkatet. Nilikagua gari lake mbele ya watu. Nikafungua swichi, taa mbili zikawaka, ya betri na ya oili. Nikapiga stata, zikazima zote mbili pamoja. Nikazunguka nyuma, nikaweka kiganja kwenye ekzosi. Moshi ulikuwa mwembamba, hauna rangi ya buluu ya injini inayokula oili.

"Ndugu, wewe unakagua kama daktari," akaniambia.

Nikavimba kichwa. Nikauza ng'ombe wanne, wote niliokuwa nao, nikawa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumiliki gari.

Sikumaliza mwezi. Siku moja ya mvua lori la kiwanda lilikwama, kina mama wakaniomba nibebe majani yao kabla hayajapata joto kwenye magunia. Nikajaza pikapu mpaka juu. Katikati ya mlima injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga bati kwa nyundo, halafu ikakaza, ikafa. Nikaangalia taa ya oili. Haikuwaka hata kidogo! Majani yakaharibika pale pale, kina mama wakarudi nyumbani wakiniangalia kama mchawi.

Fundi aliyekuja kunifungulia dashibodi alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Mzee, umechezwa. Huu waya wa taa ya oili umekatwa kutoka kwa sensa ukaunganishwa na wa betri. Chaji ikianza tu, taa zote mbili zinazima. Oili iwepo isiwepo, wewe huwezi kujua."

"Na moshi? Mbona ulikuwa safi?"

"Alimimina oili nzito kama asali, ikaficha moshi. Pampu yako ya oili ilikuwa imekwisha zamani."

Yaani yule mzee wa kanisa alijua mtu mwerevu ataangalia nini, akanitegea hapo hapo. Mjinga asiyeangalia taa angenunua vilevile. Mimi nilinunua nikijisifu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili nilimngoja kwenye mlango wa kanisa.

"Injini yako imekufa. Nipe nyingine."

"Ndugu, si taa ilizima? Si uliangalia mwenyewe, mbele ya watu?" Akatabasamu, Biblia kwapani.

Mchungaji akatushika mikono, akataka tuombe tusameheane. Nikamwambia, "Mchungaji, nimesamehe. Sasa injini. Amina haizungushi pistoni."

Watu wakanicheka. Wacha wacheke. Jumatatu asubuhi niliazima ng'ombe sita wa kulima, nikafunga mnyororo, nikaivuta pikapu mpaka kwake. Nikaiingiza katikati ya geti lake, nikaipandisha kwenye mawe, nikafungua magurudumu yote manne, nikayapeleka nyumbani kwa mkokoteni. Pande nyingine zote ni ua wa miti iliyosongamana, gari halina pa kupita. Gari lake jingine, zuri, la dizeli kama langu, lilikuwa ndani.

Akatoka anapiga kelele. "Nitaita chifu!"

"Mwite. Nami nitamwonyesha waya."

Chifu hakuitwa. Siku ya kwanza wafanyakazi wake walipitisha mitungi ya maziwa juu ya boneti yangu na kuibeba mpaka barabarani. Siku ya pili maziwa yalichelewa, wanunuzi wakayarudisha. Siku ya tatu nilipofika kuangalia gari langu, mke wake alikuwa amesimama getini, anamkaripia mumewe bila kujali nasikia.

"Baba, toa hiyo injini! Ama chukua mtungi ubebe kwa kichwa, watu wakuone vizuri."

Ikatolewa kwenye gari lake zuri. Fundi aliifunga kwangu, akarudisha waya wa taa kwenye sensa, nami nikasimama hapo mpaka boliti ya mwisho. Magurudumu niliyaleta baada ya kusikia injini ikiwaka.

Hakuna aliyemwambia neno kanisani. Jumapili iliyofuata alisimama mbele akasoma matangazo kama kawaida, na wale walionicheka wakamwitikia amina. Nilitoka nje, nikapanda pikapu yangu iliyokuwa chini ya dirisha, nikaiwasha. Nikaiacha ikinguruma mpaka akamaliza.