Mama Orime na Betri ya Diwani

Mama Orime hana habari ya salamu. Ukifika kwake na simu anakunyooshea mkono tu, na ole wako akute betri imechanganyika na sarafu ndani ya bilumu yako.

"Unataka iwake mgongoni?" atakuuliza, huku anaukung'uta mfuko huo wa kamba mezani, watu wote wakione mpaka kiazi ulichobakiza jana.

Hapa kijijini Kesavaka sola ni hiyo moja, juu ya paa la mumewe, kwa hiyo tunatukanwa na tunarudi.

Tangu niache shule nimekaa sana pale, nikisubiri simu ya nyumbani ijae, na sijamwona akikosea. Kazi hiyo alijifunza mjini Goroka, alikofagia miaka sita kwenye kibanda cha fundi simu. Anaitoa betri, anailaza juu ya kipande cha kioo, anaisukuma kwa kidole. Nzima inakwama palepale. Iliyovimba inazunguka kama pia. Ikizunguka haichaji hata ulie. Anaifukia kwenye chungu cha mchanga nje, mbali na nyasi za paa. Watu wanamchukia kwa hilo. Kwetu betri ya tochi ikichoka tunailaza kando ya jivu la moto inapata nguvu kidogo, basi wengi wanadhani ya simu nayo ni hivyohivyo.

Mwezi wa kuvuna kahawa, Jumanne asubuhi, akaja Diwani Gahuse, kaka mkubwa wa mumewe. Siku hiyo alitaka kuongea na wakwe wa mwanawe habari za mahari, na simu ilikuwa imezima.

"Shemeji, niwekee haraka."

Mama Orime akailaza betri kwenye kioo. Ikazunguka mara tatu.

"Hii imekwisha, shemeji. Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kando ya moto. Baridi ya huku inaimaliza."

"Umeichoma mwenyewe kidogokidogo. Ona ilivyovimba."

"Diwani," akasema mtu mmoja nyuma, "hata betri yako imeota kitambi!"

Tulicheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichoharibu kila kitu. Uso wa Diwani ukabadilika.

"Weka kwenye chaja."

"Siweki."

"Wewe umeolewa hapa, hukuzaliwa hapa. Usipoiweka, hiyo sola yako naishusha kwenye paa la mdogo wangu."

"Ishushe. Betri siweki."

Mama Orime akaichukua akaifukie kwenye mchanga, Diwani akampokonya na kuondoka nayo.

Yaliyofuata tulisimuliwa na Noreka, mkewe Diwani. Alikuwa jikoni anasuka bilumu ya kumpa bibi harusi, kazi ya miezi mitatu. Mume akaingia, akamnyang'anya sindano, ile ya waya wa mwavuli iliyonolewa. Akasema tumbo la nguruwe likijaa hewa linatobolewa, hewa inatoka, na hii itakuwa vivyo hivyo. Akamwambia aishike betri, asitikisike. Noreka akashika. Angefanyaje?

Sindano ilipoingia betri ilifoka kama nyoka, ukatoka moshi mweupe, halafu moto.

Mama Orime ndiye aliyefika wa kwanza. "Tokeni! Moshi huo ni sumu!" Akamvuta Noreka nje, akamwekea mkono kwenye bomba la maji la mwanzi na kuushikilia hapohapo, huku wanaume wakimwaga maji na udongo kwenye paa lililokuwa limeanza kushika. Mzee mmoja akaleta kopo la mafuta ya nguruwe ampake. Mama Orime akalipiga teke, likabingirika mpaka mferejini.

Jikoni paliokolewa. Bilumu iliungua. Mkono wa kulia wa Noreka ulichunika kiganja chote.

Alhamisi kikaitishwa kikao. Mtu angetegemea Diwani atainamisha kichwa. Hata! Alisimama katikati ya uwanja akasema, "Angeichaji, nisingeitoboa. Huyu mwanamke ndiye chanzo." Na wanaume wakatikisa vichwa kukubali, wale wale anaowachajia simu kila wiki! Nilitamani kupiga kelele, lakini pale mtoto hasemi. Wakaamua: Mama Orime atoe nguruwe mmoja, ibaki sola yake. Asipotoa, sola ishuke.

Akasimama.

"Nimesikia. Na kama ningeichaji, ikawakia kwangu, mngesemaje? Si mngesema nimeunguza simu ya Diwani?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Nijibuni! Midomo ya kutafuna popoo za buai mnayo."

 Mumewe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mama Orime akaenda nyumbani, akarudi anamburuta nguruwe jike wake mkubwa, yule mwenye sikio jeusi, analia njia nzima. Diwani akasogea na mkono wazi apokee kamba. Mama Orime akampita kama anavyopita kisiki. Akaenda waliko wanawake, kwa Noreka aliyefungwa kitambaa mkononi.

"Mmesema fidia ni nguruwe. Aliyeungua ni huyu. Shika, dada."

Wazee wakaanza kunong'onezana, lakini neno walikuwa wameshalitoa: nguruwe akitoka, sola inabaki. Hakuna aliyetaja atoke kwenda kwa nani.

"Noreka," akasema Diwani, "lete kamba hapa."

Noreka aliizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mara mbili, akakaza kwa meno.

"Mkono ulionibakia una kazi, mzee," akasema. Akainuka, akamwongoza nguruwe wake kuelekea shamba la mama yake.

Mama Orime hakungoja chakula cha kikao. Nilimfuata kwa mbali.  Mlangoni kwake watu saba walikuwa wanamsubiri na simu zao, wawili kati yao wametangulia mbio kutoka kikaoni, walikokuwa wakitikisa vichwa sasa hivi.

"Leo sichaji ya mtu!" akasema, akajifungia ndani.