Nyaya Mbili Juu ya Ukuta wa Eedo

Nikiri mapema ili nisisumbuliwe baadaye: ni mimi niliyeunganisha intaneti ya nyumba yetu na intaneti ya nyumba ya eedo kwa nyaya mbili zilizopita juu ya ukuta, na wa pili niliuchomeka wakati wageni waliokuja kumposa dada yangu wameketi sebuleni. Waya mmoja ungetosha. Mpaka leo sijui kukueleza vizuri kwa nini mmoja ulitufaa na wawili wakatumaliza.

Eedo ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Hapa Garissa nyumba yake na yetu zinagawana ukuta, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba eedo akipiga chafya, mama humwombea rehema kutoka jikoni kwetu. Lakini intaneti hatugawani. Yetu inatoka kwa kampuni iliyotuwekea sahani juu ya paa. Ya eedo ni ya kampuni nyingine, iliyochimba mtaro barabarani ikapitisha waya chini.

Mimi na binamu yangu, mtoto wa eedo, tulikuwa tukicheza mpira kwenye simu, kila mtu kwao. Tatizo ni kwamba nilikuwa namsikia akishangilia bao kupitia ukutani kabla mimi sijaona mpira ukipigwa. Mara ya kwanza nilidhani ni vitisho. Kisha mpira ukaingia kweli. Ukishafungwa mabao ambayo umeshatangaziwa, unaanza kushuku kwamba jirani yako ni jini.

Fundi wa kampuni yetu alipokuja kuangalia sahani, kijana wa upande wa Mwingi, mama alimwahi mlangoni na Kiswahili chake, ambacho punda huitwa bunda.

"Kijana, hii kitu yenu asubuhi inakimbia, jioni inalala. Mmetuletea intaneti ama bunda?"

"Mama, asubuhi watu ni wachache. Jioni Garissa yote iko kwa simu, na barabara ya kwenda Nairobi ni ile ile."

"Nairobi kufanya nini?" nikaingilia. "Mtu ninayecheza naye yuko nyuma ya huu ukuta."

"Anatumia kampuni gani?"

"Ile nyingine."

"Basi mpira wako lazima uende Nairobi kwanza. Kuna nyumba huko, kampuni nyingi zimeleta nyaya zao, ndipo zinapopeana mizigo. Yetu inaikabidhi ile nyingine mpira wako, nayo inaurudisha Garissa mpaka kwa jirani."

"Yaani majirani wawili wanapanda basi mpaka Nairobi ili wasalimiane?"

"Na wanarudi," akasema, bila hata kucheka.

Mama aliweka chini birika la chai. "Kwani hizi kampuni zimekosana?"

"Hazijakosana, mama. Hazijaelewana tu."

Akatueleza. Kampuni ikiwa changa, huilipa kampuni kubwa iibebee mizigo kwenda kila mahali, kama mtu anayempa dalali mbuzi wake sokoni. Ikikua humchoka dalali, inakwenda yenyewe kwenye ile nyumba ya kukutania. Na kampuni mbili zikiona zinatumiana mizigo mingi kila siku, zinavuta waya wao wenyewe, moja kwa moja. Kila moja inaiambia mwenzake: watu fulani wako kwangu, ukiwataka pitia huku.

"Kama kuulizana ukoo," mama akasema.

"Hivyo hivyo, mama. Na mizigo ya Garissa kwa Garissa ikijaa, tutakutanishwa hapa hapa. Wakubwa bado wanaongea."

Mama alirudi jikoni ameelewa yote. Mimi nilibaki na nusu, na nusu niliyobaki nayo ni hii: wakielewana, wanakutana. Sasa mimi na binamu tuna ugomvi gani? Fundi alikuwa ameacha masalio ya waya, na binamu, ambaye yuko klabu ya kompyuta shuleni, anajua kubana ncha. Tukapitisha waya mmoja juu ya ukuta, kutoka kisanduku chetu cha waifai hadi chao. Mpira ukawa laini kama siagi. Akishangilia, nami naona. Tulijiona kampuni.

Hapo ndipo posa ilipoingia.

Dada alikuwa amempenda mwalimu mmoja wa Tarbaj tangu wakiwa chuoni. Wazee wa mwalimu walishafunga safari mara moja, barabara ikakatwa na mvua, wakarudi. Safari hii mzee wao alituma neno kwamba akiondoka Garissa bila jibu, hatakuja tena. Na kwa kuwa baba hayupo, mwenye kutoa jibu ni adeer, kaka yake baba, ambaye yuko Banissa, mbali kaskazini, na mifugo yake. Adeer hakuweza kusafiri. Alikubali kuongea kwa video kutoka duka moja pale Banissa, baada ya alasiri, saa ile ile ambayo intaneti yetu hugeuka punda.

Dada hakula siku hiyo. Alizunguka nyumba akiunganisha kompyuta yake na televisheni ili wazee wamwone adeer vizuri. "Hii simu ikikatika," aliniambia, "mimi naenda kuishi kwenye chumba chako maisha yote."

Wazee walikuja, wakaketi kwenye mazulia na mito yao, wakanywa chai. Adeer akatokea kwenye televisheni, kichwa kikubwa kuliko kabati. Salamu zikachukua muda wake, maana huwezi kuomba binti kabla hujauliza hali ya ngamia. Lakini picha ilianza kukwamakwama. Dada, aliyekuwa nyuma ya pazia na mama, akanitazama.

Nikawaza hivi: waya mmoja umeleta raha, wa pili utaleta nguvu. Mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi, kama barabara kubwa za Nairobi. Nikachukua kipande cha pili cha waya tulichokwisha kubana ncha zake, nikaparamia ukuta, nikamwambia binamu achomeke wa pili upande wake. Binamu hubisha kwa kusema "sawa," na siku hiyo alisema sawa mara kadhaa. Nikachomeka wa kwetu. Taa za kisanduku zikawaka zote pamoja, zikitetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikafurahi. Nilidhani ndiyo nguvu.

Nilirudi sebuleni, mzee wa Tarbaj amemaliza kuomba, ametaja ngamia wanaowaleta, anasubiri jibu. Adeer alikuwa ameganda. Kinywa nusu wazi, jicho moja limefumba, kidole juu. Kiduara cha kusubiri kilikuwa kinazunguka juu ya paji la uso wake, na wale wazee hawakukijali, labda walikiona kama pambo.

Sebule ikanyamaza. Na kwetu, mtu anayenyamaza kwenye mapatano ni mtu ambaye hajaridhika.

"Naona ndugu yetu anafikiri," mzee akasema. "Ni haki yake. Tunaongeza ngamia mmoja wa maziwa."

Adeer kimya, kidole juu.

Mzee akawatazama wenzake. "Pamoja na ndama wake."

Adeer hakupepesa hata lile jicho moja. Mzee akavuta bakora yake karibu. "Huyu bwana anatudharau," akasema polepole, na mwenzake akaanza kutafuta viatu.

Dada alinishika sikio nyuma ya pazia. Nje, eedo alikuwa akiuliza kwa sauti kwa nini na kwake kila kitu kimekufa. Nikakimbia hadi kwenye kisanduku nikang'oa waya wa pili, si kwa akili, ni kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Taa zikatulia. Unaondoa barabara, magari yanaanza kwenda. Niliangalia ule waya mkononi kama mtu aliyeokota mkia wa mjusi.

Sebuleni adeer alikuwa amerudi, jasho linamtoka. "Jamani, mbona hamnijibu? Nimekubali tangu mwanzo. Nilipoona mmenyamaza nikasema labda ni wengi, nikapunguza ngamia mmoja. Mkazidi kunyamaza."

"Wewe ndiye uliyenyamaza," mzee akasema. "Sisi tumeongeza."

"Mmeongeza nini? Mimi nimepunguza."

Hakuna aliyeelewa, na mimi niliyekuwa na waya mkononi nilielewa kidogo kuliko wote. Wakaanza kubishana kinyume: mzee anakataa kurudisha neno lake nyuma, adeer anakataa kuchukua alichokwisha kupunguza. Kabla ya magharibi wakakata shauri kwamba hesabu ibaki ile ya mwanzo, na yule ngamia wa maziwa na ndama wake wawe mali ya dada mwenyewe, wakae na mifugo ya Tarbaj. Wakasoma dua. Dada alilia, kisha akakumbuka njaa akamaliza sambusa zote.

Nilimpigia fundi. Akanieleza kwamba nilifunga duara: kisanduku kimoja kinatuma ujumbe, cha pili kinaurudisha kwa waya mwingine, cha kwanza kinautuma tena, mpaka nafasi inaisha kwa ujumbe usio na pa kwenda.

"Lakini kampuni kubwa zina nyaya nyingi," nikasema.

"Zinapatana kwanza mzigo upi upite wapi. Nyinyi mlipatana nini?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la vikombe, amesikia yote. Alisubiri nikate simu, akasema: "Dada yako amepata ngamia na ndama. Wanahitaji mchungaji, na mimi nimeshampata. Shule ikifunga, unaenda Tarbaj."