Flashi Yangu Haiugui

Kila nikienda kuchapisha barua steshenari, hapa Newala, huwatangazia wote waliopo foleni kwamba kompyuta yangu inatumia Linux, haiugui virusi kama Windows zao. Wiki iliyopita dada wa steshenari alichomeka flashi yangu, akatazama skrini, akaichomoa kwa vidole viwili. Kisha akanisalimia kwa mara ya pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kweli wewe huugui. Ila kila ukitoka hapa, mashine zangu zinalala siku mbili."

Mwalimu mstaafu aliyekuwa nyuma yangu akarudisha flashi yake mfukoni, taratibu.

Jana nilikuta kompyuta chakavu imewekwa pembeni, imebandikwa karatasi: "Ya Baba Linux tu." Miaka yote nimehubiri, na hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza Newala kuandikwa Linux. Ndani ina Windows.