Mwanamke Aliyeosha Glasi

Kila Jumapili, baada ya misa, namnyonga mwanamke asiye na hatia mbele ya baba yangu mdogo.

Mzee haoni tena. Hata mchana wa kiangazi anaupapasa mlango kwa mikono miwili. Watoto wake wako Lubumbashi na Kolwezi, wana simu nzuri na visingizio vizuri zaidi, kwa hiyo nimebaki mimi, mtoto wa marehemu kaka yake, kumpikia na kumfulia hapa Likasi. Tunakaa katika nyumba ileile ya baba yangu, ambamo mzee huyu alimfukuza mama yangu. Jambo moja tu bado linamfurahisha: nimsimulie filamu za zamani, zile za mahakama na wauaji ambazo tulikuwa tukizitazama sebuleni.

"Mama, leo unipatie ile ya mwanamuke wa glasi," ananiambia, maana huniita mama kama wazee wa hapa wanavyowaita mabinti zao, huku anajifuta mafuta ya samaki mdomoni.

Nampa. Ni hadithi ya mke wa tajiri mmoja. Mumewe anakufa ghafla mezani, naye, kwa mazoea ya mikono tu, anaiosha glasi aliyonywea marehemu. Mwendesha mashtaka anaishikilia glasi hiyo hadi watu wote wanamchukia mwanamke. Mwishoni wakili wake anagundua kwamba daktari wa familia ndiye mwuaji, na mwanamke anaachiwa. Huo ndio mwisho wa kweli. Katika mwisho wangu mimi, wakili anachelewa, jaji anasoma hukumu, na kamba inaning'inia. Nasimulia polepole. Baba mdogo anazijua filamu hizi vizuri kuliko sala zake, anajua kabisa kwamba nampotosha, na hajawahi kuthubutu kunisahihisha.

Msinihurumie wala msimhurumie.

Televisheni yetu ilikuja na mashine ya kaseti na katoni moja iliyojaa filamu, vyote kutoka kwa injinia mmoja wa kiwanda cha shaba aliyekuwa anarudi kwao. Baba alifanya kazi kiwandani humo na alivibeba mwenyewe kichwani, kwa safari kadhaa, kwa sababu hakumwamini mtu. Filamu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa Kifaransa, na wanaume ndani yake walivaa kofia hata ndani ya nyumba. Kila mmoja wetu alikuwa na yake. Baba alipenda ile ya mpelelezi mnene anayewauliza watu wote walikula nini mchana. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alitaka ya wezi wa benki wanaosalitiana msituni. Mimi nilikuwa na ya mtoto anayemtambua mwuaji kwa harufu ya machungwa, na kwa muda mrefu sikukubali kukaa karibu na mtu aliyekula chungwa.

Mama hakujua Kifaransa. Kabla filamu haijaanza alimwuliza baba swali moja tu: "Banamuachia?" Baba akisema ndiyo, alikaa. Akisema hapana, alikwenda kutwanga sombe, majani yake ya muhogo, nyuma ya nyumba, na sisi tulisikia mchi zaidi ya risasi.

Baba mdogo alipenda mawakili. Wakati huo hakuwa na kazi, alilala chumba chetu cha nyuma na kula bukari, ugali wetu, lakini filamu ilipokwisha hapakuwa na mtu mkubwa kama yeye katika mtaa wote. Alichukua kitenge cheusi cha mama, akajifunga mabegani kama joho, akasimama katikati ya sebule. Baba alikuwa jaji na aligonga meza kwa mwiko. Mshtakiwa sikuzote alikuwa mama, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka. Aliketi juu ya kigoda, akaulizwa ameiba kuku wa nani, amemuua waziri gani, naye alijibu huku amejiziba mdomo kwa kicheko. Baba mdogo alizunguka kigoda, alinyamaza ghafla, akageuka kwa kidole kilichonyooka. Alijua kusema. Nakubali kwamba alijua. Majirani walisimama dirishani kumsikiliza. Na kila mara mwiko uligonga na baba akasema, "Tunamuachia," na mama akarudi jikoni akiwa bado anacheka.

Kisha baba akaanza kukohoa. Kila mtu wa mtaa wetu alijua jinsi wanaume wa kiwandani wanavyokufa, na baba alikufa hivyo hivyo, kwa mapafu, akiwa amekonda hadi pete ikamtoka.

Kilio kilipokwisha, wazee wa upande wake waliketi uani. Walikuwa wametoka mbali, wengine hawakuwa wamemwona baba tangu ujana wake, na hawakutaka kusikia habari za mapafu. Walitaka kujua ni nani aliyemloga. Mimi na yaya tulikuwa tumesimama ukutani. Wazee walizungumza ovyo, huyu akimkata yule, na nadhani wangechoka na kwenda zao. Lakini baba mdogo akasimama.

"Bazee, muniachie minye niulize."

Akaomba kigoda kiletwe. Kigoda kilekile. Akamwambia mama aketi. Akatembea kidogo, akazunguka upande mmoja, akanyamaza. Na mama, aliyekuwa amelia hadi sauti ikakauka, aliinua uso akamtazama shemeji yake akizunguka, na akatabasamu. Hilo ndilo kosa lake lote. Kwa kitambo kidogo alidhani ni ule mchezo. Labda alidhani shemeji yake amepata njia ya kumfariji, kwamba sasa hivi mtu atagonga mwiko.

"Muone!" baba mdogo akapaza sauti, kidole kimenyooka. "Bwana yake eko mu udongo, yee anacheka!"

Wazee wakaguna. Tabasamu likabaki usoni kwa mama, halina pa kwenda.

"Njo weye ulimupikia chakula ya mwisho?"

"Njo minye."

"Alimaliza?"

"Alikula kidogo tu. Kikohozi ilimukatalia."

"Ile sahani, uliifanya nini?"

"Niliisukula na maji na sabuni."

"Uliisukula." Akawageukia wazee, sauti imeshuka, taratibu, sawasawa na yule mwendesha mashtaka wa filamu. "Bwana anakufa, bibi anasukula sahani. Juu ya nini, bazee? Juu ya nini bibi anakimbilia kusukula sahani?"

Hakuna hata mmoja kati ya wazee wale aliyekuwa ameona filamu ile. Mimi nilikuwa nimeiona. Nilifungua mdomo nimwambie kila mtu kwamba yule mwanamke aliachiwa, na shangazi mmoja akanipiga kofi la mdomo.

Mama aliondoka na furushi la nguo. Kitenge cheusi hakikuwamo, baba mdogo alikuwa amekikalia. Alikwenda kwa ndugu zake kando ya ziwa Tshangalele, akakausha samaki, na sisi tulikatazwa kumfuata kwa sababu mtoto wa mlozi hujifunza. Alikufa hukohuko. Tuliambiwa alipokwisha kuzikwa. Nasema wazi kwamba namchukia baba mdogo, na kwamba nampikia vizuri. Kuna kitu kimoja nilichokuwa nakingojea kutoka kwake, nacho ni aseme mbele ya watu, kama alivyomshtaki mbele ya watu, kwamba mama hakumuua baba.

Mwaka huu mtoto wa mwisho wa yaya alipata komunyo ya kwanza. Wote walikuja, hata wale wa Lubumbashi na visingizio vyao. Tulipomaliza kula wakaanza kukumbushana filamu. Yaya alieleza wezi wake wa msituni hadi watoto wakasahau simu. Mtu akakumbuka mpelelezi mnene. Kisha binti wa baba mdogo akapiga makofi, anamtaka yule wakili wa zamani: "Papa, utufanyie avoka! Batoto habajamuona!"

Mzee akakataa, akataka kubembelezwa, akabembelezwa. Wakamfunga kitenge mabegani. Mimi nikaenda chumba cha nyuma, nikatoa kigoda, nikakiweka mbele yake na kuketi.

"Nani amekaa?" aliuliza.

"Bibi ya yaya yako," nikasema.

Wakubwa wachache walitazama chini. Watoto walicheka. Baba mdogo aliunyoosha mkono, akanigusa utosi, akauondoa. Sebule ikatulia, ikimngoja. Nikaona anarudi nyuma hatua moja na nikafurahi.

"Ulimupikia chakula ya mwisho," alianza. Alisimama hapo, kitenge kinamteleza begani, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuijua: "Haikuwa yee. Yaya yangu alikufa na kifua. Minye nilijua, hata mbele ya kusimama nilijua. Lakini bantu bote balinyamaza, banasikiliza minye. Haiyanifikiaka ile kintu hata siku moja, bazee kunisikiliza. Nilikuwa nasema muzuri. Sikuweza kuacha."

Nilingoja.

Makofi yalilipuka. Binti yake alipiga vigelegele. Mmoja wa wajukuu alinyakua mwiko kutoka kwenye sufuria na kugonga meza hadi mchuzi ukaruka. "Tunamuachia! Tunamuachia!" watoto walipiga kelele, na mtoto wa komunyo, na nguo yake nyeupe, akaja kunivuta kutoka kigodani kwa kuwa nimeshinda kesi. Nilimtafuta yaya kwa macho. Alikuwa anacheka pamoja nao, anafuta machozi ya kicheko, au niseme hivyo, maana sitaki kumwuliza.

Baba mdogo alisikiliza makofi. Uso wake ukafunguka taratibu. Akainama, kulia na kushoto, kama zamani.

Walipoondoka wote, nilikusanya sahani. Alikuwa bado kwenye kiti chake, kitenge mabegani.

"Mama," akaniita. "Nilisema muzuri?"

"Muzuri sana, baba mudogo. Hakuna mutu alikuamini."

Jumapili iliyofuata aliomba filamu ya mwanamke wa glasi. Nilipofika kwenye hukumu aliinua kichwa na kuuliza, kwa sauti ndogo, "Banamuachia?"

Nikamnyonga.