Mtani Juu ya Jeneza la Kiwanda

Pélagie Toé alikuwa na mdomo. Marehemu mumewe alizoea kusema kwamba Bobo-Dioulasso nzima ina ving'ora viwili, kimoja cha kiwanda na kingine amekioa yeye. Kile cha kwanza kilinyamaza siku kiwanda cha mafuta ya mbegu za pamba kilipofungwa. Cha pili, wapi!

Kibanda chake cha dolo kiliegemea ukuta wa kiwanda, chini kabisa ya bomba la moshi. Alianza kupika pombe hiyo ya mtama akiwa bado mke kijana, na wanaume wakitoka zamu walipita kwake kwanza, kukumbuka kwamba wana wake zao nyumbani kukaja baadaye. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa nyapara wao, Mzee Raogo Nikiéma. Sasa Nikiéma ni Mmosi, Pélagie ni Msamo, na Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu. Hao hawaulizani habari za asubuhi.

"Wewe mla mbwa, leo humu umetia kichwa cha mbwa gani?" mzee aliuliza huku akivuta benchi.

"Cha shemeji yako. Kunywa unyamaze, mtumwa wangu."

"Mimi mtumwa? Babu yangu alimnunua babu yako kwa kikapu cha karanga. Kesho yake akaenda kudai karanga zake!"

Ndivyo walivyoishi. Mume wa Pélagie alipofariki, Mzee Raogo alikuja msibani amevaa shati la marehemu mbele nyuma, akajilaza mlangoni, akaapa maiti haitoki mpaka mtani apewe haki yake. Walimletea kuku. Akamkagua, akasema huyu naye ana msiba wake, leteni mwingine. Pélagie, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, aliangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomfungulia machozi. Hakuwahi kumshukuru. Mtani hashukuriwi.

Halafu mzee akafia Ouagadougou kwa mwanawe, akazikwa hukohuko harakaharaka, na Pélagie akapata habari udongo umeshakauka. Alikasirika, jamani! "Mmosi mjanja yule! Amekufa kwa kujificha ili asinipe haki yangu!" Alitukana wiki nzima. Lakini waliopita kibandani walimwona akifuta macho kwa ncha ya kitenge, na moshi wa kuni hauwezi kusingiziwa kila siku.

Sasa huyo mwanawe akarudi Bobo. Injinia Fulgence Nikiéma, tai shingoni, mkurugenzi wa mradi mkubwa. Kiwanda kinageuzwa mtaa wa ubunifu, akatangaza. Penye mashinikizo ya mafuta patakuwa na ofisi za vijana wa kompyuta, kwenye maghala ya pamba maduka na kumbi, na juu nyumba za kupanga. Bomba la moshi litabaki, maana linapendeza kwenye picha. Kibanda cha dolo hakikupendeza kwenye picha. Pale pake ulichorwa mkahawa wenye viti vyeupe, na Pélagie akapangiwa meza katika soko jipya, mbali nje ya mji.

Akajifunga kitenge, akaenda ofisini kwake. "We Mmosi! Unanifukuza mimi? Baba yako alijifunza kutembea kwa kushikilia benchi langu, kila jioni!"

Injinia alisimama kwa heshima, akafunga kifungo cha koti. "Karibu, Madamu. Malalamiko yako tumeyapokea, Madamu. Yatafanyiwa kazi."

Pélagie alirudi amenywea. Sabine Drabo, Msamo mwenzake aliyekuwa akimsaidia kuosha vibuyu, akamuuliza kulikoni.

"Amenitukana."

"Amekuitaje?"

"Madamu."

"Hee! Basi kweli hana adabu."

Injinia hakujua alichofanya. Au alijua, nani aseme. Kilichommaliza ni jambo jingine. Washauri wake walimwambia kazi ifunguliwe kwa sherehe ya kukumbukwa, tufanye mazishi ya kiwanda cha zamani! Pakachongwa jeneza. Wafanyakazi wa zamani walibebe, lizikwe kwenye msingi wa jengo jipya, wawekezaji wapige makofi. Ndani ya jeneza pakawekwa mkono wa king'ora, kipande cha shinikizo, na ovaroli ya nyapara wa mwisho. Ya Mzee Raogo, yaani. Mwanawe mwenyewe ndiye aliyeikunja.

Habari zilimfikia Pélagie kupitia mwashi mmoja mnywaji. Aliweka kata chini taratibu.

"Wamosi wana msiba," akasema, "na mimi sijaitwa?"

Siku hiyo mkuu wa mkoa alikuwepo, wawekezaji walikuwepo chini ya turubai, tingatinga limefungwa utepe. Jeneza likaanza kusogea polepole kwa ngoma. Ghafla kutoka nyuma ya bomba la moshi akatokea nyapara. Ovaroli ya kuazima, kofia imekaa upande, mto umetiwa tumboni, anachechemea mguu wa kushoto, anakohoa kikohozi kilekile cha Mzee Raogo, cha vumbi la pamba.

"Nani kazima mashine?" akafoka. "Wavivu nyie! Nife kidogo tu mmelala?"

Wazee waliobeba jeneza walicheka mpaka likawaponyoka. Lilipotua tu, nyapara yule, Pélagie mwenyewe, akalikalia.

Askari wawili walisogea. Mmoja alikuwa Msamo, akasimama. Mwingine Mmosi, naye akasimama. Nani amguse mtani msibani, aitafute laana? Wawekezaji walidhani ni sehemu ya ratiba, wakawa wanapiga picha.

"Madamu, tafadhali," injinia akasema kwenye kipaza sauti.

"Madamu hayupo. Hapa kuna Msamo amekalia maiti ya Mmosi. Baba yako alinikimbia Ouaga. Leo nimemkamata."

Akaletwa kuku, mbio. Pélagie akamnyanyua kwa mbawa moja. "Huyu mmemfufua?" Akaahidiwa mbuzi. Akapiga miayo. Injinia akainama karibu yake, jasho linamtiririka. "Mama, nakuomba. Watu wanaangalia. Unataka nini?"

Hapo Pélagie akashusha sauti, mzaha ukamtoka. "Baba yako alinitukana kila siku ya Mungu, nikajua hapa ni kwangu. Huko sokoni nani ananijua? Nani atanitukana, mwanangu? Wewe hapa hunijui, unaniita Madamu."

Injinia alitazama ile ovaroli aliyoivaa Pélagie, na kofia iliyokaa upande. Alinyanyua kipaza sauti, na sauti iliyotoka si ya ofisini, ilikuwa ya nyapara mtupu:

"Wewe Msamo mla mbwa! Ondoa hayo makalio juu ya baba yangu! Ulimlevya akiwa hai, sasa unamkalia asipumue akiwa maiti!"

Uwanja ulilipuka. Wazee walirusha kofia, akina mama wakapiga vigelegele, mkuu wa mkoa akapaliwa na maji. Pélagie alicheka, akalia, akashindwa kujua afanye lipi kwanza.

"Mtumwa wangu ana ulimi!" akapiga kelele. "Mmemsikia? Kumbe ana ulimi!"

Na mtu akishajibu utani, amekwisha. Haki ya mtani aliyekalia maiti hainyimwi.

"Kibanda chako kinabaki," injinia akasema, akijifuta uso kwa tai.

"Kinabaki wapi? Sema wanaozika wote wasikie."

"Palepale! Chini ya bomba!"

Pélagie akainuka, akajipangusa vumbi. "Haya. Mzikeni huyo mtu, anachelewa."

Siku hizi vijana wa kompyuta hujazana kwenye mabenchi yake, na viti vyeupe vimesogezwa nyuma ya ghala. Injinia naye alilipiza: alibandika ukutani kibao kizuri cha shaba, KWA MLA MBWA. Wageni wakiuliza mla mbwa ni nani, Pélagie huwaonyesha mwanamume mwenye tai, anayenywea kibuyu cha zamani chenye ufa.

"Siku nikifa," alimwambia jioni moja, "uje ulale mlangoni kwangu. Usikubali nitoke kwa kuku mmoja."

"Kuku? Mimi ndiye nitakayewapa kuku, wakutoe haraka."

Pélagie alicheka mpaka kata ikamdondoka. Akaiokota, akamjazia kibuyu cha baba yake mpaka pomoni.