Gari la Maiti Lililohitaji Kukimbia

Mshale wa spidi umegusa tisini. Nyuma ya dereva hakuna mtu, aliye hai wala aliyekufa. Ni Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na gari refu jeusi la kubebea maiti linaikata barabara kuu kana kwamba limechelewa harusi.

Muuza mayai mwenye baiskeli anasogea pembeni, anavua kofia kwa heshima, kisha anaona mwendo wenyewe na kuirudisha kichwani kwa hasira. "Mnamkimbizia wapi?" anapiga kelele.

Dereva hageuki. Ana miaka hamsini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye usukani wa majonzi. Mjini hakuna anayemwita kwa jina la wazazi wake. Wote humwita Taratibu.

"Wanadhani nimerukwa na akili," anasema, jicho likiwa kwenye kitaa cha njano katika dashibodi. "Dakika ishirini na tano tu. Bado tisa."

Kukizunguka kitaa hicho kuna alama ya gundi, mraba mdogo uliokusanya vumbi. Ameambiwa mara nyingi aisugue itoke. Amekataa.

Gari lake la kwanza lilikuwa kuukuu. "Lilitema moshi mpaka wafiwa wakafuta masizi na machozi kwa leso moja," anasema. Miaka minne iliyopita tajiri wake akanunua hili, la dizeli pia, lakini lenye chujio ndani ya bomba la moshi. Chujio hunasa masizi. Likikaribia kujaa, taa ya njano huwaka na gari huyachoma masizi hayo lenyewe, mradi bomba lipate joto kali; yakiisha, taa huzimika. Joto hilo haliji kwa mwendo wa mazishi.

Fundi wao, mwanamke wa makamo ambaye wateja humwita Mama Masizi, ndiye aliyemfundisha.

"Nilimwambia, kaka, gari lako ni kama mtu anayekula bila kutembea," anasema fundi huyo, mikono yote miwili ikiwa ndani ya tumbo la lori. "Mochwari, makaburini, mochwari, makaburini, mwendo wa konokono. Litavimbiwa! Lipeleke likimbie kila wiki, na sevisi usiniruke."

Sevisi moja, pamoja na oili yake maalumu, ni sawa na theluthi ya mshahara wa mwezi wa Taratibu. Chujio jipya ni mishahara yake saba.

Kwa mwaka mmoja na nusu alilikimbiza gari kila Alhamisi. Kisha simu zikaanza kumiminika ofisini, maana namba imeandikwa kwenye mlango wa nyuma. "Mmoja alisema nimeiba maiti," anacheka. "Tajiri akaniita. 'Taratibu, watu wananilipa kwa heshima, wewe unanichomea dizeli ukipunga upepo?' Nikasema sawa, tajiri. Mimi ni mtu wa sawa, tajiri."

Angeweza kumwita Mama Masizi aje aeleze. Hakumwita. Sevisi ikasogezwa mbele mara moja, ikasogezwa tena. Taa ya njano ikawaka, ikaganda.

"Mama mmoja aliyekaa hapa mbele aliniuliza kama gari litalipuka. Amefiwa na mume, nimwongezee na hofu?" Jioni hiyo akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme na kukibandika juu ya taa. Kwa miezi mitano taa iliwaka gizani.

Ndipo dada yake akafariki.

Dada huyo, fundi cherehani, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Hata suti anayovaa kazini aliishona yeye. Aliacha mtoto mmoja wa kiume, kibarua wa machimbo ya mbali, aliyepewa ruhusa ya siku mbili na onyo juu yake: asipoonekana asubuhi ya tatu, nafasi yake ina mtu. Basi lake la kurudi lilikuwa la saa kumi na moja jioni, siku ile ile ya mazishi.

Tajiri alitaka kuleta dereva mwingine. Taratibu akakataa katakata. Mpwa akaketi kiti cha mbele.

Kwenye mlima wa kwenda makaburini, gari likaishiwa nguvu. "Nakanyaga mafuta, linaguna tu. Likaguna, likanyamaza." Ilibaki kilomita moja na nusu.

Mpwa aliinamia dashibodi kutafuta ugonjwa. Akaiona tepu. Akaibandua kwa ukucha. Taa ikamwakia usoni.

"Mjomba, hii ni nini?"

"Taa."

"Naona ni taa. Nani kaifunika?"

Taratibu akashuka, akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Jeneza lilibebwa mabegani, mpwa akiwa mbele, watu wakipokezana kila walipochoka. Walipofika kaburini ilikuwa saa kumi na nusu. Kijana alilishusha jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akageuka na kuukimbilia mteremko. Hakumwona mama yake akishushwa. Hakumtupia hata konzi ya udongo.

"Nilimwita. Hakugeuka. Viatu vyake vilikuwa vya kuazima, vinampwaya, nikawa naviangalia tu vinavyoruka." Analipita lori. "Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa, ndugu yangu. Niliziba taa."

Tajiri naye alikuwa miongoni mwa waliobeba. Wiki ile ile chujio jipya likafungwa, na Alhamisi ikarudi. Sasa mlangoni, chini ya namba ya simu, yameongezwa maneno meupe: GARI TUPU, LIKO KWENYE SEVISI. Vijana wa kituo cha mafuta hawaachi kumtania: "Taratibu, abiria kashukia wapi leo?"

Kwa miezi kumi na moja mpwa hakupokea simu zake. Wiki iliyopita ukaingia ujumbe. Atakuja mwezi ujao, likizo ya siku kumi, kuweka jiwe kwenye kaburi la mama yake. Mwishoni aliandika: "Nitapanda teksi."

Taa ya njano inazimika. Taratibu anapunguza mwendo na kuligeuza gari. Saa tatu kuna wafiwa wanamsubiri.

"Nitakuwepo stendi kabla basi halijafika," anasema. "Nitamfungulia mlango wa mbele. Akipanda, namshukuru Mungu. Akipanda teksi, nitaifuata nyuma hadi kaburini, kwa mwendo wowote itakaokwenda. Miaka yote hii mimi ndiye ninayetangulia. Siku hiyo nitafuata."